Je, Mkristo Asidai Haki Yake?

Yako maneno yasemwayo sana katika sharika zetu, nayo ni haya: Mkristo hampeleki nduguye mahakamani. Wasemao hivyo hushika waraka wa Paulo kwa Wakorintho. Lakini angalieni, ni nani asemaye? Mara nyingi si mdai, bali ni mdaiwa mwenyewe!

Mjane amwuzia ndugu wa usharika magunia yake ya mahindi, naye aahidiwa fedha mwisho wa mwezi. Mwaka wapita. Akiuliza, aambiwa, "Mama, samehe." Huo si msamaha, ni wizi uliovaa kanzu. Katika waraka ule ule Paulo aliwakemea wanaowadhulumu ndugu zao. Na yeye mwenyewe, alipoonewa, alikata rufani kwa Kaisari.

Wengine hunena kwamba mahakama ni ya matajiri. Neno hilo lilikuwa na nguvu zamani; leo, hapa Kenya, limepungua nguvu. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ilitungwa mwaka 2016, na kazi yake ikaanza Nairobi mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, kama vile bei ya vitu vilivyouzwa, malipo ya fundi, au mali iliyoharibiwa. Mdai aweza kujisemea pasipo wakili. Shauri lapasa kwisha katika siku 60 tangu lilipoandikishwa, na hukumu kutolewa katika siku 3 baada ya kusikilizwa. Asiyeridhika huenda Mahakama Kuu, lakini kwa jambo la sheria tu. Mashauri ya kugombania ardhi, ya kuvunjiana heshima, na ya mwajiri na mtumishi wake hayapokelewi huko.

Sisemi tukimbilie mashtaka. Mwendee nduguyo peke yako kwanza. Kisha chukua mashahidi. Kisha liambie kanisa. Asiposikia, mlango wa hakimu u wazi. Lakini shika hati yenye sahihi, maana hakimu hawezi kusoma yaliyo moyoni mwako.

Nanyi wazee wa kanisa, msimnyamazishe mjane kwa jina la amani. Dawa ya deni ni kulipa. Mkiona haya ndugu wawili kusimama mbele ya hakimu, basi mwambieni mdaiwa alipe kabla ya Jumapili ijayo. Na shauri litakuwa limekwisha.