Kostimu ya Kukodi



Hivi karibuni mzee mmoja tunayemheshimu alialikwa kutufundisha namna ya kujitayarisha kwa mahojiano ya kazi. Alisema mengi mema. Lakini alimaliza kwa neno ambalo siwezi kulinyamazia: kwamba kijana asiye na kostimu na kravati asipoteze nauli yake kwenda mjini kuomba kazi. Wengi wenu mliliandika katika madaftari. Nami naliandika hapa, ili nilipinge.

Matunda ya neno hilo hayakuchelewa. Kijana mmoja wa kikundi chetu aliitwa katika duka la vifaa vya michezo hapa Lubumbashi. Alikodi kostimu kwa fedha ambazo mama yake alikuwa ameziweka kwa ajili ya unga, akaazima viatu vyeusi vilivyombana. Mwenye duka alimpa jozi ya viatu vya mpira, akamwonyesha mtoto aliyeketi, akamwambia amvalishe. Sasa muuzaji wa viatu hufanyaje? Hupiga goti. Hushika kisigino, hubonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba ili ajue kama vidole vina nafasi, hufunga kamba, kisha humwomba mteja atembee kidogo. Kijana wetu alisita, kwa sababu suruali haikuwa yake na mwenyewe alikuwa amemwonya asiichafue. Aliinama nusu. Kazi akapewa mwingine, aliyekuja na shati safi la mikono mifupi.

Sisemi kwamba kostimu ndiyo iliyomnyima kazi. Siujui moyo wa mwenye duka. Nasema kwamba ilimzuia kupiga goti, na kazi yenyewe ilikuwa goti.

Tena, wazee wetu wamesahau upesi. Katika miaka ya 1970 utawala wa Mobutu uliikataza kostimu pamoja na kravati, na wanaume wakavaa abacost. Kravati ilirudi kwa ruhusa mwaka 1990. Katika miaka hiyo yote watu waliomba kazi, wakafundisha shuleni, wakaendesha ofisi, shingo zao zikiwa wazi. Je, heshima yao ilikuwa imekwenda wapi? Kitu kilichokuwa kosa jana hakiwezi leo kuwa kipimo cha utu wa kijana.

Nasikia tayari wengine wakifurahi: «Basi twende tulivyo, Mungu huangalia moyo.» Taratibu, ndugu zangu. Neno hilo aliambiwa Samweli. Mwenye duka hakuwepo. Yosefu alipotolewa gerezani kwenda mbele ya Farao, alinyoa kwanza na kubadili mavazi. Hakuna aliyemwita mwenye majivuno. Uchafu si unyenyekevu.

Avae nini, basi, anayeomba kuuza mipira na viatu? Suruali ya kitambaa inayoruhusu goti kukunjika. Shati, au fulana yenye kola, iliyofuliwa na kupigwa pasi tangu jioni, maana umeme wa asubuhi hauna ahadi. Pasi ya makaa ya jirani haina aibu yoyote. Viatu vya michezo vinafaa, mradi vimesuguliwa mpaka kwenye soli na kamba zake zimefuliwa. Kucha fupi, kwa kuwa mikono hiyo itashika miguu ya watu. Nguo za mitumba zinatosha kwa yote haya.

Jezi ya timu yako iache nyumbani. Mwenye duka huuza nyeusi na nyeupe ya Mazembe, huuza pia njano na buluu ya Lupopo, na hataki mteja afukuzwe na kifua chako. (Mazembe yenyewe ilianzishwa na Wabenedikto mwaka 1939 kwa jina la Mtakatifu Georges, na wapinzani wao hubeba jina la Mtakatifu Éloi. Mbinguni, natumaini, watakatifu hao wawili wanapatana kuliko sisi siku ya mechi.)

Wengine wanauliza habari za rozari na skapulari. Mwenyeheri Isidori Bakanja aliamriwa na bwana wake kuvua skapulari, akakataa, akapigwa mpaka majeraha yake yakamwua mwaka 1909. Hatuvui, basi. Lakini Bakanja hakuivaa ili apate kazi. Anayetoa rozari nje ya shati ili mwenye duka Mkatoliki aione ameigeuza kuwa barua ya mapendekezo.

Kwa dada zetu nasema jambo zito zaidi. Kuna wanaoambiwa, hata kabla ya mahojiano, waje na nguo za kubana «ili wateja wapende». Duka linalotaka mwili wako kabla ya kujua kama unaweza kuhesabu chenji limekwisha kujieleza. Usiende peke yako, au usiende. Na parokia isiwe ya kwanza kumwuliza binti alivaa nini. Imwulize aliyemwagiza hivyo.

Mzee wetu atajibu kwamba ndivyo dunia ilivyo, mwenye kostimu hupewa kiti. Najua. Mtume Yakobo alilijua pia, akawakemea Wakristo waliompa kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu na kumweka maskini miguuni pao. Aliwakemea walio ndani ya kusanyiko. Nasi tumelifundisha kosa hilohilo ndani ya ukumbi wa parokia, tukaliita ushauri. Na Bwana Yezu, usiku ule wa karamu, alipotaka kuosha miguu ya wanafunzi, alivua kwanza vazi lake la juu, akajifunga kitambaa kiunoni. Alivaa kulingana na kazi.

Kijana wetu amerudisha kostimu. Deni la unga bado lipo, nasi tuliokaa kimya katika mkutano ule tuna sehemu yetu ndani yake. Nimemwomba mweka hazina atenge kikapu Jumapili hii, baada ya Misa ya pili. Mzee naye amealikwa.