Ihesabiwe Mikoko Iliyo Hai

Kule Gilgil, kampuni ya Octavia Carbon, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2022, inashughulika na mitambo ya kunasa hewa ya ukaa moja kwa moja kutoka angani. Feni huvuta hewa na kuipitisha kwenye vichujio vyenye kemikali inayoushika ukaa. Vikishajaa, hufungwa na kupashwa moto mpaka gesi iachie, kisha gesi hiyo inakusudiwa kupelekwa chini kwenye miamba ya Bonde la Ufa igeuke jiwe. Kazi ni ngumu, kwani katika kila sehemu milioni moja za hewa, za ukaa ni 420 na ushei tu. Ili kupata tani moja ya ukaa, lazima zipite zaidi ya mita za ujazo milioni moja za hewa. Ndiyo sababu wahandisi wanahangaikia joto nafuu la mvuke wa ardhini na vichujio visivyochakaa upesi.

Ufanisi wao una kipimo kimoja kisicho na huruma: tani zilizonaswa, kutoa tani zilizomwagwa hewani katika kuzinasa. Mtambo wa Mammoth wa kampuni ya Climeworks ulipoanza kazi nchini Iceland mwaka 2024, ulitangazwa kuwa na uwezo wa tani 36,000 kwa mwaka. Mwaka uliofuata gazeti la Heimildin la huko huko likaripoti kwamba kampuni ilikuwa haijanasa hata kiasi cha kufidia hewa chafu inayotokana na shughuli zake yenyewe. Taarifa hiyo iliuma, na ilistahili kuandikwa.

Tunataka Lamu ipimwe kwa mizani hiyo hiyo.

Kaunti hii ina zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya. Kuanzia Kipungani, kupitia Mkanda na Pate, hadi vijito vya Dodori na Kiunga, miti hii inanasa ukaa bila feni wala waya wa umeme. Sehemu kubwa ya ukaa huo haimo katika majani wala mashina. Imo ndani ya tope, ambamo hewa haiingii na mizizi iliyokufa haiozi upesi, ikalundikana tangu enzi za mababu. Anayekata mti mmoja na kuacha tope limetulia amefanya dhara linaloweza kurekebishwa. Anayelichimba au kulifukia tope hilo hupakua ghala ambalo mche wa kupandwa leo hautalijaza katika umri wa mpandaji.

Kwa hiyo wajibu wa kwanza ni kulinda kilichosimama. Wajibu huo ni wa Shirika la Huduma za Misitu (KFS), ni wa Mamlaka ya Mazingira (NEMA), na ni wa serikali ya kaunti. Hakuna sherehe ya upanzi inayoufuta.

Na hizo sherehe tumezizoea. Tangu serikali ilipotangaza lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na hasa tangu Novemba 13, 2023 ilipofanywa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti, hesabu imekuwa ya miche iliyochomekwa. Mashua zinafika maji yakipwa, watu wanashuka kwenye tope wakiwa na fulana mpya, matunda marefu ya mkoko yanasimamishwa kwa mistari iliyonyooka, picha zinapigwa, na kabla maji hayajajaa wageni wamekwisha kuvuka kurudi Mokowe. Tarakimu inapelekwa Nairobi jioni hiyo hiyo.

Miti ya jamii ya mikoko haipandwi popote penye tope. Mlilana hukaa mbele kabisa, unapopigwa na bahari. Mkoko wenyewe hufuata nyuma yake. Mkandaa hutaka juu zaidi, maji yanakofika kwa nadra. Ukipanda mkoko kwenye kichanga kilicho chini mno, bahari huufunika saa nyingi kuliko unavyoweza kustahimili, kaa wanaukata, na bamvua linaung'oa. Wakataji wa mikoko wa Matondoni na Siyu wanajua haya kuliko waandishi wengi wa ripoti. Kuwaacha watu hao pembeni siku ya upanzi ni uzembe wa kiofisi, nasi hatutauita kwa jina jingine.

Watu hao hao huuza boriti kwa korja, na korja ni boriti 20. Mnunuzi akikuta 14 hatalipa korja. Itakuwaje basi Jamhuri ikubali korja ya miche ambayo nusu yake huenda imekwisha kufa?

Jambo hili sasa lina fedha ndani yake. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023 inataka miradi ya ukaa inayotumia ardhi ya jamii iwape wenyeji asilimia 40 ya mapato ya mwaka baada ya kutoa gharama. Huko Gazi, kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hati za kaboni tangu 2013 kutokana na hekta 117 tu, na fedha zimefika kwenye maji na shule za kijiji. Hesabu ikiwa ya uongo hapa Lamu, asilimia 40 ya uongo ni nini? Wenyeji walikwisha kutimiza sehemu yao: waliposimama dhidi ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 pale Kwasasi, hadi leseni ikafutwa Juni 26, 2019, waliizuia hewa ya ukaa kabla haijatoka. Wanastahili maafisa wenye bidii kama hiyo.

Kila upanzi unaofanyika katika kaunti hii uandikwe mahali pake, aina ya mti, na idadi iliyo hai baada ya mwaka mmoja na baada ya miaka mitatu. Orodha ibandikwe ofisi za machifu, Faza, Kizingitini, Ndau, Kiunga, ambapo mkataji na mvuvi wanaweza kuisoma na kuipinga. Fedha za upanzi mpya zisitolewe mpaka wa zamani uhesabiwe. Mpango wa Kitaifa wa Usimamizi wa Mikoko unafikia kikomo mwaka 2027. Utakaoufuata usitiwe saini kabla orodha hiyo haijakamilika.