Dhahabu Isiyochimbwa na Wajibu wa Askari

Katika mazungumzo ya jioni hapa Ntinda, jijini Kampala, twasikia mara kwa mara kwamba Karamoja imejaa dhahabu na utajiri u karibu. Sisi wanajeshi na polisi, ambao ndio tunaopelekwa kulinda maeneo hayo, yatupasa tutofautishe utafiti na uchimbaji.

Mwezi Juni 2022, Wizara ya Nishati na Maendeleo ya Madini ilieleza kwamba nchi ina tani milioni 31 za mwamba wenye dhahabu, ziwezazo kutoa tani 320,158 za dhahabu safi. Tupige hesabu. Hizo ni kilo 10 katika kila tani ya mwamba, ilhali migodi mingi duniani hupata gramu chache tu. Isitoshe, dhahabu yote iliyopata kuchimbwa na wanadamu tangu kale ni kama tani 200,000. Hesabu hiyo, basi, si akiba iliyothibitishwa.

Utafiti wa awali hutafuta dalili. Ndege hupima miamba kutoka angani. Wanajiolojia hutembea kwa miguu wakiokota mawe na udongo. Maabara hupima dhahabu, shaba na zinki. Ndipo mitambo hutoboa ardhi. Mahali pengi huachwa katika hatua hizo. Shaba ya Kilembe ilijulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, lakini mgodi ulianza kuzalisha mwaka 1956.

Kazi hiyo haiwezekani pasipo usalama. Upimaji wa ndege wa miaka ya 2000 ulifikia asilimia 80 hivi ya Uganda. Karamoja ikaachwa kwa sababu ya ujambazi. Na mwezi Machi 2022, wilayani Moroto, wanajiolojia 3 wa Wizara waliuawa pamoja na wanajeshi 2 wa UPDF waliokuwa wakiwalinda. Hawakubeba dhahabu, walikuwa wakikusanya sampuli.

Tangazo la Juni lilikuja miezi mitatu tu baada ya mazishi hayo. Uvumi wa utajiri huwavuta maelfu ya watu, na mwishowe askari ndiye hutumwa kuwaondoa, kama ilivyokuwa Mubende mwezi Agosti 2017. Kwa hiyo askari alindaye watafiti ajue analinda nini: maisha ya watu, mifuko ya mawe na daftari za vipimo. Mwananchi akimwuliza, amjibu kweli: bado wanatafuta.