Betri bado kizingiti katika ulinzi wa wanyamapori

VIFAA vya kufuatilia wanyamapori kwa setilaiti vimesifiwa kuwa dawa ya ujangili na ya mizozo kati ya ndovu na wakulima. Hata hivyo, sifa hizo huficha udhaifu mmoja: kifaa hunyamaza mara tu betri yake inapokwisha.

Ndovu ana nafuu. Kwa ukubwa wa mwili wake, huvishwa mkanda shingoni wenye betri kubwa inayoweza kudumu miaka kadhaa. Lakini ikiisha, haibadilishwi kama ya redio ya nyumbani. Sharti mnyama adungwe mshale wa dawa ya usingizi, mara nyingi kutoka kwa helikopta, na kazi ikamilishwe upesi, kwani ndovu akiangukia kifua hutatizika kupumua.

Kwa kifaru, mambo ni magumu zaidi. Shingo yake ni nene, hivyo mkanda huchomoka au kumchubua. Ndiyo sababu wataalamu wamekuwa wakitoboa pembe na kuficha humo kifaa kidogo. Tundu hilo halitoshi betri kubwa, na ili betri idumu, kifaa hutuma habari mara chache kwa siku. Jangili, kwa upande wake, hahitaji siku nzima.

Zipo chipu zisizo na betri kabisa. Mnamo 2013, shirika la WWF lilikabidhi Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) chipu 1,000 za kuwekwa katika pembe za vifaru. Chipu ya aina hii hupata nguvu kutokana na mawimbi ya mashine inayoisoma, kwa hivyo haina betri ya kuisha. Lakini sharti mashine iwe karibu nayo. Chipu hiyo huweza kuthibitisha mahakamani kwamba pembe iliyonaswa ni ya kifaru fulani; haiwezi kumwonya askari wa mbugani kabla mnyama hajauawa.

Wengi sasa wanatazamia jua. Paneli ndogo zimewafaa ndege wanaosafiri mbali, ambao hawawezi kubeba betri nzito. Lakini kizuri hakikosi ila. Kifaru hugaagaa matopeni, na katika misitu minene kama ya Aberdare, miale ya jua hupenya kwa shida. Isitoshe, betri inayochajiwa kila siku nayo huchakaa.

Mnamo 2023, watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Copenhagen nchini Denmark, walichapisha matokeo ya kifaa kinachozalisha umeme kutokana na mwendo wa mnyama mwenyewe. Kilijaribiwa kwa mbwa, farasi mdogo na nyati wa Ulaya. Ni hatua ya kutia moyo, ingawa mnyama anayepumzika kwa saa nyingi huzalisha umeme kidogo mno.

Hivyo basi, wanaonunua vifaa hivi hawapaswi kuuliza bei pekee. Wanafaa kuuliza pia mnyama atadungwa dawa ya usingizi mara ngapi, habari zitafika baada ya muda gani, na nani atakayemlinda kifaa kikinyamaza. Kwa sasa, jibu la swali hilo la mwisho lingali lile lile: askari anayefuata nyayo kwa miguu. Bajeti ya teknolojia isimsahau.