Matrekta ya kukodi Hanang: nani anapima oili?

Mvua za msimu zikianza Dirma na uwanda wa Basotu, trekta la kukodi hupumzika kidogo sana. Mwenye mali yuko Katesh, Babati au hata Arusha. Dereva analipwa kwa ekari. Mkulima naye anataka shamba limalizike kabla udongo haujalowa mno. Kati ya watu hao watatu, hakuna anayeona faida ya kusimamisha kazi dakika kumi ili oili ipimwe.

Zamani mambo yalikuwa tofauti. Kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO yaliyosaidiwa na Canada yalikuwa na karakana, mafundi na spea. (Yalitwaa pia malisho ya Wabarabaig, lakini hiyo ni habari nyingine.) Msaada ulipokwisha, baadhi ya mashamba yalikwenda kwa wawekezaji, mengine kwa wanavijiji. Mkulima mdogo akabaki kukodi trekta, bila karakana nyuma yake.

Kupima oili si kazi ngumu, ila miinuko ya Mbulu na Hanang hudanganya. Trekta au lori likiegeshwa kwenye mteremko, oili hukusanyika upande mmoja na dipstiki haisemi kweli. Tafuta tambarare, zima injini, subiri kama dakika kumi. Futa dipstiki, izamishe tena, ndipo usome. Oili iwe kati ya alama mbili, karibu na ile ya juu. Ikiwa pungufu, gari linapoinama mlimani pampu huvuta hewa, na vyuma husagana vikavu.

Kosa lisilosemwa sana ni kuzidisha. Dereva hujaza kupita alama ya juu akidhani anaweka akiba. Krenki huipiga oili hiyo ikawa povu, na povu halilainishi chuma. Sili nazo huanza kuvuja. Tena, oili ikipanda bila mtu kuiongeza, hiyo si heri. Ikinuka dizeli, au ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maana yake dizeli au maji yameingia. Usiwashe injini, mwite fundi.

Injini ikinoki, mwenye trekta hulipia ringi, beringi na kuchonga krenki. Lakini mkulima aliyekwisha kutoa malipo ya awali hupoteza msimu, na hakuna anayemfidia.

Kwa maoni yetu, dawa iko kwenye makubaliano. Mwenye trekta amlipe dereva posho ya ukaguzi wa kila asubuhi, mbali na malipo ya ekari, na ndani ya trekta liwepo daftari: tarehe, saa za mita, oili iliyoongezwa. Mkulima aombe kuliona daftari hilo, na dipstiki yenyewe, kabla ya kutoa fedha. Trekta linaloongezwa lita moja kila siku litaonekana humo mapema, kabla halijazimika katikati ya shamba la mtu.