Pasipoti Yako Ishike Mwenyewe

Kuna wapenzi ambao hujawahi kuwasikia wakipandishiana sauti. Si kwenye foleni ya benki, si kwa fundi aliyekula hela ya makabati, si hata kwenye vikao vya harusi. Wapeleke uwanja wa ndege. Kabla hawajafika kaunta utasikia “si nilikuambia?” na “wewe kila siku uko hivyo hivyo!”

Nimesafiri vya kutosha, kwa kazi hii na kwa biashara ndogo ya mume wangu, na nikikaa kwenye vile viti vya chuma burudani yangu kubwa ni kuwaangalia wawili wawili wanavyopita. Naona wengi wanakuja na ugomvi wao kutoka nyumbani, kwa sababu kuna mambo mawili hawakuyamaliza wakiwa sebuleni: wanafuata saa ya nani, na nani anashika nini.

Tuanze na saa. Sisi Waswahili tuna saa zetu na tiketi ina saa zake. Tiketi ikisema 16:45, toa sita, unapata saa 10:45 jioni. Rahisi. Balaa linaanza usiku wa manane. Tiketi inasema Jumamosi tarehe 15, saa 00:40. Rafiki yangu mmoja na mchumba wake walisoma “Jumamosi”, wakaaga watu vizuri, wakafika uwanjani Jumamosi saa tatu na nusu usiku, wamependeza, mabegi yanang’aa. Ndege yao ilikuwa imeshaondoka karibu saa 21 zilizopita. Walitakiwa wawe pale Ijumaa usiku! Na lugha yetu wenyewe ina maneno ya kuwaokoa: usiku wa kuamkia Jumamosi. Ukiona tiketi inaanza na 00, 01 au 02, isome kwa sauti mbele ya mwenzio hivyo hivyo, “usiku wa kuamkia”, halafu aseme yeye mnatoka nyumbani siku gani. Mkitofautiana, hapo hapo ndiyo mahali pa kugombana, mkiwa na chai mezani.

Jambo la pili kwenye saa. Ile saa kubwa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya ndege kuondoka, na kwa kweli haikusaidii sana. Zinazokuhusu ni saa za milango kufungwa. Kwa safari za nje, mashirika mengi hufunga kaunta ya mabegi kama saa moja kabla, na geti la kupandia hufungwa dakika 15 au 20 kabla ya muda wa kuondoka. Sio roho mbaya. Muda ule wanahesabu vichwa, wanalinganisha na orodha, na kama kuna mtu alileta begi halafu hakuonekana, begi lake linatafutwa kwenye tumbo la ndege na kushushwa. Ndege haisafiri na begi la mtu aliyebaki kwa hiari yake au kwa uzembe.

Hilo la begi ndilo tulilokuwa tunabishania nyumbani kwangu miaka yote. Mimi ni mtu wa kufika mapema. Mume wangu ni mtu wa “bado tuna muda”. Kauli yake ilikuwa ileile: “Mama Junior, tulia. Mabegi yetu si yapo ndani tayari? Hawawezi kutuacha.” Nitakuambia alivyoiacha kauli hiyo.

Tulikuwa tunakwenda Guangzhou kupitia Dubai. Kwa wasioujua uwanja wa Dubai: mwaka 2024 walipita abiria milioni 92.3. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, kwa hiyo chukua Tanzania nzima, ongeza nusu yake, wapitishe kwenye jengo kwa mwaka mmoja. Terminali ya 3 peke yake ina kumbi za kupandia tatu, A, B na C, na kwenda ile ya A unapanda treni. Ukishuka kutoka Dar unapita tena kwenye ukaguzi wa mabegi ya mkononi kabla ya kuunganisha. Kutoka geti moja hadi jingine kunaweza kula nusu saa, na hapo hujasimama hata mara moja kunusa manukato. Tena ni uwanja wa kimya. Usitegemee mtu akuite jina kwenye spika kama stendi ya mabasi. Habari zote ziko kwenye skrini, na geti linaweza kubadilika. Saa ya ukutani nayo iko mbele ya Dar kwa saa moja, kwa hiyo kama unafuata saa yako ya mkononi uliyotoka nayo nyumbani, umeshapoteza dakika 60 bila kula hata sambusa.

Kwenye ndege ya kutoka Dar tulikaa jirani na maharusi. Bibi harusi alikuwa na hina mikononi ambayo haijaanza kufifia. Ananiita dada, anacheka kila kitu. Walikuwa wanakwenda kutafuta fenicha za nyumba yao mpya, wameunganisha na fungate humo humo, na mimi niliwasifu kwa kubana matumizi. Pale Dubai tulikuwa na saa mbili za kuunganisha. Bwana harusi akasema anakwenda kuangalia bei za simu, dakika tano tu. Yule binti alikuwa amechoka, miguu imevimba, akaona afuatane na sisi hadi getini amsubirie huko.

Sasa, pasipoti zote mbili na pasi zote mbili za kupandia zilikuwa kwenye pochi ya kiunoni ya mume.

Tulipofika getini watu wameanza kuingia. Binti akasogea pembeni, anaangalia kule tulikotoka. Akaomba nimsaidie kumpigia. Simu ya mumewe haipatikani. Akajiunga na intaneti ya bure ya uwanja, akatuma ujumbe, ujumbe ukabaki na tiki moja. Mhudumu akamuuliza jina la ukoo, akalitaja, kisha akakumbuka kwamba tiketi imeandikwa jina lake la kabla ya ndoa, akalitaja na hilo. Mhudumu alikuwa mpole kabisa, lakini bila pasipoti angefanya nini? Hakuwa na kadi ya benki wala dola moja. Alikuwa na mkoba wenye leso, losheni na chaja. Mtu mzima, mwenye kazi yake nzuri Dar, amesimama nchi ya watu hawezi hata kuthibitisha yeye ni nani.

Sisi tuliingia karibu wa mwisho. Mbele yetu viti viwili vitupu. Muda wa kuondoka ukafika, ukapita. Rubani akatangaza tuwe na subira, kuna mabegi ya abiria wawili yanashushwa. Kama dakika 20 hivi. Mume wangu alikuwa dirishani, anakiangalia kile kitoroli kinavyoondoka na masanduku. Hakusema kitu. Mimi pia, kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu, nilinyamaza. Tangu siku hiyo, kabla ya kila safari tunaandika saa tatu kwenye karatasi na kuibandika kwenye friji: ya kutoka nyumbani, ya kaunta kufungwa, ya geti kufungwa. Ya kuondoka ndege hatuiandiki kabisa. Kwa ile ya 16:45, kaunta inafungwa saa 9:45 alasiri. Sisi tunataka kuwa pale saa 7:45 mchana. Na kwa kuwa tunaishi upande wa Mbezi Beach na foleni za Dar hazijawahi kumheshimu mtu, gari linawashwa saa 5:45 asubuhi. Tukifika mapema sana tunakula. Hakuna aliyewahi kuachana na mwenzie kwa sababu ya kula mapema.

Nirudi kwa yule binti. Najua akina kaka wataniandikia: “Dada mhariri, unataka kuvunja ndoa za watu, mwanaume ndiye kiongozi wa safari.” Sawa, aongoze. Sisemi binti angepanda ndege amwache mumewe anabembeleza bei ya simu. Lakini angekuwa na pasipoti yake angeweza kwenda dawati la wanaounganisha ndege na kuuliza njia ya kuokoa safari yao wote wawili, angeweza kununua maji, angeweza kumtafuta mumewe bila kuogopa kuulizwa yeye nani. Kushikiwa nyaraka na mtu unayempenda kunaonekana kama kudekezwa. Getini kunaonekana vingine kabisa. Na hili linawahusu pia wanaume ambao wake zao ndio wanashika kila kitu “kwa sababu wewe unasahau”. Anasahau? Basi mnunulie pochi ya shingoni. Ni mtu mzima.

Kwa hiyo kila mmoja abebe: pasipoti yake, pasi yake ya kupandia, kadi ya benki au dola kidogo, na ile kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano kwa nchi zinazoitaka. (Tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha; ukiambiwa ukarudie chanjo kwa kuwa miaka 10 imepita, uliza vizuri.) Kwenye simu kila mmoja awe na picha ya ukurasa wa pasipoti ya mwenzie na namba ya tiketi. Na wewe uliyeolewa juzi, jina la tiketi lifanane na la pasipoti unayosafiria, herufi kwa herufi. Jina la mume litasubiri pasipoti mpya.

Mkitengana, hata kwa dakika tano za kweli, mkubaliane kukutana getini. “Hapo kwenye maduka” sio mahali. Dubai yote ni maduka.

Ukaguzi sitaki kuuongelea sana, maana mengi mnayajua. Vimiminika ni chupa zisizozidi mililita 100, zote kwenye kifuko kimoja cha lita moja kinachoonyesha. Sheria hiyo ilianza 2006, na ingawa viwanja vichache vyenye mashine mpya vimeanza kulegeza, unakotoka kukiruhusu haina maana unakopita kutaruhusu. Asali ya mama mkwe ni kimiminika. Achari nayo wataihesabu hivyo hivyo. Iweke kwenye begi kubwa, ifunge vizuri. Pawabenki ni kinyume chake, haikai kamwe kwenye begi kubwa, unabeba mkononi, na mwisho ni wati-saa 100 bila kuomba kibali. Ile ya kawaida ya 20,000 mAh ina kama 74, uko salama. Ila mashirika mengine, Emirates likiwemo tangu Oktoba 2025, hayaruhusu kuitumia ndani ya ndege, kwa hiyo chaji simu getini. Mkanda, saa na sarafu vivue ukiwa bado kwenye foleni, viingize kwenye mfuko wa koti, koti uliweke kwenye trei. Basi.

Kitu ambacho vijana wengi wanakosea ni kununua tiketi mbili za bei rahisi, moja ya kufika Dubai na nyingine ya kuendelea, wakadhani wameokoa hela. Tiketi ikiwa moja hadi mwisho, kwa kawaida begi linapitilizwa, na ndege ya kwanza ikichelewa shirika linalazimika kukutafutia nyingine. Zikiwa mbili zisizojuana, ukichelewa hiyo ni shida yako. Mara nyingi itakubidi utoke nje ukachukue begi na kuanza upya, na kutoka nje kunataka viza. Ukishatoa hesabu ya yote hayo, uniambie umeokoa shilingi ngapi.

Kaunta ya Dar, kabla begi halijaondoka kwenye mkanda, soma ile karatasi waliyolifunga. Ikiwa mwisho wa safari ni Guangzhou, iandikwe CAN. Usishtuke ukadhani linakwenda Kanada, ni kutokana na jina la zamani la mji, Canton. Ikiandikwa DXB na wewe unaendelea, uliza hapo hapo. Na begi lisipotokea mwisho wa safari, usitoke nje ya ukumbi kabla hujaandikisha na kupewa karatasi yenye namba. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, malalamiko ya maandishi ya begi lililoharibika ni ndani ya siku 7, na la lililochelewa ni siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Ukiahirisha kwa kuwa umechoka, wao hawatakukumbusha.

Na kwa sababu begi moja kati ya mawili linaweza kuchelewa, sisi tunachanganya: nusu ya nguo zangu kwenye begi lake, nusu ya zake kwenye langu. Mume wangu analalamika, anasema mashati yake yanafika yananukia losheni ya nazi. Azoee.