Mpwa Wangu Haombi Radhi

Na Bi Mwanajuma

Mapema wiki hii mpwa wangu alinionyesha ujumbe kutoka kwa uongozi wa klabu yake ya kulenga shabaha. Anatakiwa aandike barua ya kumwomba radhi mgeni wa heshima kwa kumpigia kelele mbele ya watu. Kelele hizo nilizisikia, kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma yake. Haombi radhi mtu hapa.

Binti huyu alikuwa amenialika nikamwone anavyojiandaa kwa mashindano, nami nikakubali ingawa bunduki sizipendi na sitazipenda. Uwanja uko nje ya Nairobi, umechimbwa kwenye ubavu wa kilima, na nyuma ya shabaha limeinuliwa tuta la udongo kupita paa la nyumba. Binti alinieleza kwa nini. Hata risasi ndogo ya .22, inayoonekana haina maana ukiishika kiganjani, isipozuiwa husafiri zaidi ya kilomita moja, na zaidi ya kilomita moja kutoka pale kuna mashamba ya watu na shule.

Nakiri nilipendezwa na nilichokiona kwanza. Kila mtu amevaa vikinga masikio na miwani. Ukutani zimeandikwa kanuni nne alizozieneza Jeff Cooper, luteni kanali wa zamani wa wanamaji wa Marekani: ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi, usielekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiangamiza, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umekwisha kulenga, ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Msimamizi wa uwanja ni askari mstaafu mwenye sauti nyembamba, lakini akisema "acha" mikono yote inashuka. Kijana mmoja alivuka mstari kuokota maganda ya risasi kabla ya amri. Mzee hakumgombeza. Alimwonyesha lango tu, na kijana akakusanya vitu vyake akaenda zake. Nikasema moyoni, hapa pana kazi inayofanywa sawasawa.

Ndipo yakaingia magari matatu.

Mheshimiwa, yule mgeni wa heshima, hakupanga foleni. Hakuvaa miwani ya kinga kwa sababu alikuwa amevaa miwani yake ya jua, na mmoja wa vijana wake alikuwa anamrekodi kwa simu. Walengaji wawili wakaondolewa kwenye nafasi zao ili apate pa kusimama. Akafyatua mara chache, kisha bastola ikakwama.

Bastola hukwama, si ajabu. Ukiwa na adabu ya kazi hiyo, unauacha mtutu uelekee kwenye tuta, unatoa kidole, unainua mkono mwingine na kumngoja msimamizi. Kama umefyatua na hukusikia mlio, unangoja nusu dakika nzima hivyo hivyo, kwa maana baruti inaweza kuchelewa kushika moto. Mheshimiwa aligeuka. Aligeuka mwili mzima, kidole kikiwa ndani ya kifyatulio, akimtafuta kijana wa simu, na mtutu ukapita kwa mpwa wangu, ukapita kwangu, ukapita kwa mama mmoja aliyekuwa anamimina chai kwenye kikombe cha mwanawe.

"Hii kitu imekwama," alisema.

Na msimamizi, mzee yule yule aliyemfukuza kijana kwa sababu ya maganda, akasema polepole, "Mkuu, samahani kidogo..."

Mpwa wangu ndiye aliyepaza sauti. "Acha! Mtutu mbele!" Mheshimiwa akacheka, akamwambia asiogope, magazini ameshaitoa na haina kitu. Mzee akaipokea bastola kwa mikono miwili, akaielekeza kwenye tuta, akaikoki. Risasi nzima ikaruka kutoka kwenye chemba, ikaanguka sakafuni, tukaitazama sote.

Nawaambia wote wenye bastola nyumbani, na mpo wengi kuliko mnavyokiri: kutoa magazini hakuitoi risasi iliyokwisha kuingia kwenye chemba. Mjomba wangu wa Likoni alilinda ghala la silaha miaka mingi, na hata leo hawezi kusikia mtu akisema bunduki haina kitu bila kusimama. Kwenye kituo chake palikuwa na pipa la mchanga. Askari akirudi doria alisimama mbele ya pipa, mtutu ndani ya mchanga, akatoa magazini, akaikoki, akachungulia chemba kwa macho. Hata mkubwa wao alipita kwenye pipa lile, na mjomba ndiye aliyekuwa akimtazama.

Baada ya risasi kuanguka, kilichofuata ndicho kilichonikasirisha mpaka leo. Hakikufuata kitu. Mheshimiwa alipewa kiti na soda. Picha zake zimewekwa kwenye kundi la WhatsApp la klabu akiwa ameshika karatasi ya shabaha. Kijana wa maganda alikuwa ameshafika kwao.

Kwa hiyo nasema wazi: kwenye viwanja vyetu vya shabaha, hatari kubwa haitoki kwa asiyejua. Asiyejua huogopa na husikiliza. Inatoka kwa mtu asiyeweza kuambiwa. Mnaweza kujenga tuta mpaka mawinguni. Kama yupo mmoja pale ambaye "acha" haimhusu, tuta halina kazi, kwa sababu mtutu wake hauelekei kwenye tuta.

Wala si kwetu tu. Oktoba 2008, kwenye maonyesho ya bunduki mjini Westfield, Massachusetts, mtoto wa miaka minane alipewa Micro Uzi, silaha inayomimina risasi mfululizo. Ilimshinda nguvu, mtutu ukapanda na kumgeukia, akafa. Aliyewekwa kumsimamia alikuwa kijana wa miaka 15. Kijana huyo alieleza mahakamani kwamba alimshauri baba wa mtoto, tena mara mbili, achague silaha yenye nguvu ndogo zaidi. Baba alikuwa mtu mzima, daktari. Kijana wa miaka 15 angemkatalia vipi? Miaka sita baadaye, Agosti 2014, huko Arizona, mkufunzi aliyekuwa akimfundisha Uzi msichana wa miaka tisa aliuawa namna hiyo hiyo, mbele ya wazazi waliokuwa wakirekodi.

Na tukitaka kwetu, twende Archers Post na Dol Dol, ambako jeshi la Uingereza limefanya mazoezi kwa miongo mingi. Wachungaji na watoto wao waliokota mabomu ambayo hayakulipuka, yakawalipukia mikononi. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 200 pauni milioni 4.5. Uwanja usiosafishwa baada ya mazoezi ni uwanja ambao mwenye nao haulizwi. Mimi nauona ugonjwa ule ule.

Mpwa wangu anashindana kwa kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano ya kulenga shabaha. Huko mtutu ukipita digrii 90 kutoka katikati ya tuta, umeondolewa mashindanoni. Ukiidondosha bastola yenye risasi, umeondolewa. Hakuna onyo la kwanza, na hakuna anayeuliza wewe ni nani au umekuja na magari mangapi. Wanaovumilia kanuni kali hivyo ni walengaji hodari kuliko mheshimiwa atakavyowahi kuwa.

Tulipokuwa tunatoka nilimfuata mzee msimamizi langoni. Sikutaka kumlaumu, nilitaka kumsikia. Aliniambia, "Mama, nina watoto wawili shule ya bweni." Sikuwa na la kumjibu. Mzee yule anajua kazi yake vizuri mno. Aliyemnyang'anya kazi hiyo ni mwajiri wake, siku alipomfanya aelewe kwamba wako wageni wa kufukuzwa na wako wageni wa kupewa soda. Nataka mamlaka inayotoa leseni za silaha ilazimishe kila uwanja umpe msimamizi wake barua: anaweza kumtoa mtu yeyote mstarini, waziri, jenerali au mwenye uwanja, na hawezi kufutwa kazi kwa sababu hiyo. Barua hiyo ibandikwe ukutani, juu ya zile kanuni nne.

Barua ya mpwa wangu haitaandikwa. Nimemwambia kama klabu itamtoa, nitaitaja hapa kwa jina.

Nasikia pia kwamba mheshimiwa amealikwa tena mwisho wa mwezi. Meneja, siku hiyo usikae ofisini. Njoo usimame hatua mbili nyuma yake, upande wa kushoto, pale pale alipokuwa amesimama mama mwenye chai, na mwanao umshike mkono.